Mwalimu Aliyeitia Saini Mashua ya Porini

Jina lake nalijua. La baba yake nalijua, na la fahali aliyechinjwa siku ya harusi yake nalijua pia. Sitaliandika. Mtu aliyehangaika maisha yake yote ili jina lake liandikwe mahali, mimi sitamsaidia. Sisi tulimwita Mwalimu, na hapa nitamwita hivyo hivyo.

Nianze na koti lake. Lilikuwa koti la kijivu, la vifungo viwili, alilopewa Louisville juma la kwanza tulipofika nchi hii. Alipohamia Columbus akapata kazi kwenye ghala la viatu, alilivaa kutoka kwenye gari mpaka mlangoni, akalivua, akabeba maboksi kama wenzake, kisha saa ya chakula akalivaa tena. Bahati, mtoto wa Nakure, alifanya kazi naye pale. Anasema Mwalimu alikuwa anakula wali kama mtu anayehojiwa redioni.

Na mikrofoni. Hakuna mikrofoni iliyowahi kupita mbele yake ikafika salama kwa mwingine. Kwenye harusi ya Furaha na Muhoza alisema mpaka bibi harusi akavua viatu. Kwenye mazishi ya mzee Sebagabo, Buffalo, mwezi wa pili, alisema kwenye theluji mpaka wale vijana wa makaburini wakakaa ndani ya gari lao na kuwasha hita. Alianza kila mara na maneno yale yale, na Kifaransa chake kidogo: "Bon. Ninasema kwa niaba ya wote." Mimi nakumbuka kila mkutano tuliofanya tangu kambi ya wakimbizi, na nani alikaa upande gani. Siku tuliyomtuma aseme kwa niaba yetu siikumbuki, kwa sababu haikuwepo.

Alikuwa na misemo yake. "Mtu asiye na desturi ni kuku aliyenyonyolewa." Huo aliusema sana kwa vijana. Mwingine ulikuwa: "Desturi ni kisima. Mmoja akitupa uchafu, wote wanaumwa." Watu walitikisa vichwa. Mimi pia nilitikisa changu. Ni rahisi kutikisa kichwa wakati uchafu unaosemwa si wako.

Sasa niseme mema yake, maana yapo. Kambini alifundisha chini ya turubai lililokuwa na matundu, na mchana, watoto wakienda, alitufundisha sisi wanawake. Wanaume wengine walipita wakicheka. Yeye hakucheka, wala hakutupigia kelele. Mimi nilikuwa na watoto wanne na sikujua kushika kalamu. Alinifundisha. Na siku mtoto wa Mapendo alipopandwa na homa, gari la hospitali halikuja, Mwalimu alimbeba mgongoni kutoka asubuhi mpaka jua likawa utosini, akafika naye akiwa hai. Mtoto huyo leo anaendesha lori kule Ohio. Siandiki haya ili kumsifu. Naandika kwa sababu ni kweli, na mimi sipendi kumdharau mtu kwa uongo wakati ukweli unatosha.

Maana mgongo ule uliombeba mtoto wa watu kwa saa sita haukuweza kubeba maneno mawili: nimekosa, nisamehe.

Nieleze jambo lenyewe. Kwetu milimani, mwanamke hakamui ng'ombe. Kuosha vyombo vya maziwa, kuvifukiza moshi vikanukia, kutikisa kibuyu mpaka siagi itoke, kugawa nani anywe na nani angoje, hayo yote ni yetu. Lakini kuchuchumaa chini ya ng'ombe na kushika chuchu ni kazi ya mwanaume. Mume wangu Ruzima alipofariki, ng'ombe wetu walilia kwa kujaa maziwa mpaka Sebihanga, jirani, alipovuka kijito kuja kuwakamua. Nilisimama pale na mikono yangu miwili mizima nikimngoja. Sikuona ajabu.

Huku Amerika, binti yangu Nyamwiza alifanya kazi kwenye kiwanda cha kufungasha nyama, kikafungwa. Akapata kazi kwenye shamba la ng'ombe, mwendo wa saa moja kutoka kwetu Bailey, hapa Buffalo. Mwanzo aliosha sakafu tu. Baadaye mwenye shamba akamfundisha mashine, akaanza kukamua. Jioni ya kwanza aliporudi, harufu ya ng'ombe iliingia mlangoni kabla yake. Harufu ile sikuwa nimeisikia tangu tutoke Minembwe, milimani kwetu Kongo. Alitaka kwenda kuoga. Nikamwambia, "Kaa kwanza hapa karibu yangu."

Mtu mmoja akaweka picha yake kwenye simu za watu, amevaa buti, ameshika chuchu. Huyo mtu namjua, na yeye anajua kwamba namjua. Jumapili iliyofuata Mwalimu alikuwa mgeni wa kanisa letu, ameletwa kutoka Columbus kufundisha vijana mambo ya desturi. Alisimama na koti lake.

"Bon. Kuna binti kati yetu," akasema, "anayewafanyia ng'ombe kitu ambacho mama yake hakufanya, na nyanya yake hakufanya. Donc, najiuliza: binti huyo ataimba vipi mbele ya madhabahu kwa mikono hiyo hiyo?"

Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Vichwa vyote viligeuka kwenye kwaya, safu ya pili, mtu wa tatu. Nyamwiza alikuwa ndiye anayeanzisha nyimbo. Jumapili ile hakuanzisha. Nyingine hakuja. Ukoo wa mzee Mudage, waliokuwa wameleta maneno ya kumwoa, walinyamaza kwanza, kisha wakapiga simu kusema wameona heri wangoje. Wanangoja mpaka leo. Nilimwandalia Mwalimu chai ya maziwa nyumbani kwangu, akasukuma kikombe kwa vidole viwili. Na huyo ni mtu ambaye friji yake kule Whitehall, pembeni mwa Columbus, ina galoni za maziwa za dukani mpaka mlango haufungi. Zile hakuuliza nani alikamua.

Mimi nilikuwa nimekaa safu ya tatu, kati ya Mama Faida na Nabisage. Sikusimama. Hilo nitalijibu mwenyewe mbele za Mungu, simwachii Mwalimu.

Miaka sita ikapita hivyo. Nyamwiza alihamia kanisa la Waburundi kule Lower West Side, akaimba nyuma. Kazi hakuiacha.

Sasa mashua. Kila mwezi wa saba makanisa yetu ya Louisville, Columbus na Buffalo hukutana Columbus kwa siku tatu, na siku moja kati ya hizo tunawapeleka watoto kwenye bustani ya michezo. Si zile kubwa za kwenye televisheni. Ni ya familia moja, ya zamani, katikati ya mahindi. Ina gurudumu linalozunguka, ina farasi wa mbao, na ina kitu walichokiita Mashua ya Porini. Unakaa kwenye mashua, inavutwa na chuma kilicho chini ya maji ya kijani, inakupitisha kati ya miti ya plastiki. Viboko wanafungua midomo. Kisha unafika kwa watu. Watu weusi, wa plastiki, mfupa puani, wanaruka ruka kuzunguka sufuria kubwa, na ndani ya sufuria kuna mzungu mwenye kofia ngumu, anachemshwa.

Mara ya kwanza nilipoiona nilicheka mpaka Mama Faida akanishika mkono. Niliuliza, "Hawa ni kina nani?"

"Ni sisi, Mama Rukundo," akasema.

"Sisi gani? Watu wa kwetu hawajui hata kupika kuku kwa wingi hivyo."

Kwangu ilikuwa ni ndoto ya mtu mwingine. Mtu akiota upuuzi, wewe hutoki jasho. Lakini mjukuu wangu Sifa, mtoto wa mwanangu Rukundo, alikuwa na miaka tisa, na kwenye mashua ya nyuma walikuwepo watoto wa kizungu wa rika lake. Mmoja alinyoosha kidole kwenye sanamu, halafu akakinyoosha kwa Sifa, halafu wote wakaruka ruka kwenye viti. Mtoto hakula siku ile. Hapo sikucheka tena.

Alipofikisha miaka kumi na sita aliwaandikia wenye bustani barua. Aliiandika kwa Kiingereza, peke yake, jikoni kwangu. Mwalimu aliposikia alipiga simu usiku ule ule, akaomba aione. Ikarudi na saini yake juu, kubwa kama mlango, na ya Sifa chini kama panya. Juu ya saini ameandika kwa herufi zake nzuri: Mzee wa Utamaduni. Cheo hicho alijipa njiani kati ya Whitehall na posta.

Sifa alikasirika. Huyu mtoto ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, lakini siku ile alijibu Kiswahili. "Nyanya, ameniibia."

"Amekuibia," nikasema. "Nenda ule."

Wenye bustani wakaogopa. Watu wakagawanyika. Sisi wenyewe tuligawanyika: Mama Faida alisema waache, ni michezo tu, mbona wameweka na wachawi wa kizungu kwenye nyumba ya giza na hakuna mzungu aliyelia. Wazungu nao walikuja getini na mabango, waache mashua yao. Palikuwa na mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe, machozi yanamtoka kweli kweli, anasema baba yake alimleta hapa akiwa na miaka mitano na kwamba wanataka kumfuta baba yake. Nilimwonea huruma kidogo. Kisha nikawaza: katika vitu vyote ambavyo baba anaweza kumwachia mtoto, wewe umelilia mfupa wa pua ya plastiki? Mwanaume mzima. Wetu tuliwaacha kwenye udongo bila hata jiwe, na hatusimami getini.

Na wale wa upande wa kubadilisha hawakunipendeza zaidi. Wenye bustani walikubali kubadilisha, wakamwajiri dada mmoja, Keli, mwenye sauti ya upole kama daktari wa meno, akaja kanisani Columbus na makaratasi yenye rangi. Akauliza, "Mngependa ulimwengu uwaone vipi?" Nikamwambia Sifa amwulize kwani ni lazima tuonwe kutoka kwenye mashua. Sifa hakutafsiri. Mwalimu alikuwa ameshasimama. Bon, kwa niaba ya wote.

Mwaka mzima alikwenda bustanini kila mwezi. Walimpa kadi ya kuingia bure mpaka afe, akaivaa shingoni kwa kamba ya bluu. Alihubiri nayo. Alizika nayo watu. Ukimwuliza wanatengeneza nini, anasema, "Kijiji cha kweli, Mama Rukundo. Mara ya kwanza Amerika itaona sisi ni nani." Hakumwuliza mwanamke hata mmoja wa kwetu chombo cha maziwa kinafananaje.

Nifike sasa kwenye siku ya mwisho niliyoonana naye, mwezi wa saba uliopita.

Kulikuwa na jambo. Ntwari, anayeendesha mashine ya kuinulia mizigo kwenye ghala moja Louisville, aliyefiwa na mke, mwenye watoto wawili wasiosumbua, alikuwa amemwomba Nyamwiza amwoe. Nyamwiza amekwisha fika miaka thelathini na tano, na alimkubali. Lakini baba mdogo wa Ntwari, mzee Gasore, ndiye anayeongea kwa ajili ya ukoo wao, naye alisema hawezi kuleta maneno nyumbani kwangu kabla hajamsikia Mwalimu. "Yeye ndiye alifunga," akasema. "Afungue mwenyewe." Kila mtu kwenye mkutano ule alijua. Mwalimu alipoulizwa alivuta kamba ya kadi yake akasema, "Bon, nitafikiri. Hili ni jambo la desturi." Alifikiri siku mbili. Siku ya tatu tukaenda kwenye bustani, na mzee Gasore alikuwa anarudi Louisville jioni.

Nyamwiza hakuja. Alikuwa zamu.

Keli alitaka wazee wapande mashua mpya wapigwe picha. Tukapanda mashua moja: mbele Mwalimu na mimi, katikati mzee Gasore na Mama Faida, nyuma Sifa na Keli na kamera yake. Nilikaa upande wa Mwalimu makusudi. Mashua ilipoanza kuvutwa nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mimi ni mtu mzima, sikubembelezi. Sema neno moja kwa Gasore, mtoto wangu aolewe."

"Mama Rukundo," akasema, "nikisema leo kwamba ile haikuwa kosa, donc watu wataniuliza, na yale mengine je? Watu watashika nini?"

"Watashika ukuta. Sema."

"Tazama kwanza kazi yetu," akasema.

Nikatazama. Viboko walikuwa wale wale, wamepakwa rangi. Tukazunguka kona tukafika kwa watu, na nikawatambua mmoja mmoja. Walikuwa wale wale wala watu. Wamevuliwa majani, wamevishwa vitambaa vya dukani, na tundu la mfupa puani limezibwa kwa lipu, lakini lipu haikukubaliana na rangi ya uso, kwa hiyo kila mmoja ana alama nyeupe kama mwenye mafua. Aliyekuwa na mkuki sasa ana ngoma. Sufuria ni lile lile, linapika mahindi. Mzungu ametolewa, amekaushwa, amepewa miwani na daftari. Ni daktari wa mifugo.

"Wamepona haraka," akasema Mama Faida.

Kisha mashua ikasimama yenyewe, ndivyo walivyoipanga, ili watu wapige picha. Mbele yetu palikuwa na ng'ombe mweusi na mweupe, pembe fupi kama vidole, ng'ombe ambaye kule kwetu hajawahi kukanyaga. Na chini yake amechuchumaa mwanamke. Kitenge, kilemba, hereni. Mkono wake wa mashine unapanda na kushuka, unapanda na kushuka. Sauti ya Kiingereza ikasema jambo kutoka kwenye mti.

"Inasema nini?" nikamwuliza Sifa.

"Inasema mama wa milimani anakamua ng'ombe kama mama zake walivyokamua tangu zamani."

Pembeni palikuwa na kibao. Juu yake picha ya Mwalimu na koti la kijivu na kadi shingoni, na chini jina lake lote, na saini ile ya mlango. Sifa akasoma bila kuulizwa: mambo yote mnayoyaona hapa yamethibitishwa na Mzee wa Utamaduni.

Mkono unapanda, unashuka.

"Mwalimu," nikasema. "Yule ni mwanamke."

"Ni sanamu, Mama Rukundo."

"Sanamu ya mwanamke. Anafanya nini?"

"Ameshika ndoo."

"Ndoo iko chini, Mwalimu. Tazama alichoshika."

Mzee Gasore akainama mbele mpaka pumzi yake ikafika shingoni kwetu. Ni mtu wa maneno machache, na sikio lake moja halisikii. "Hii ni desturi ya nani?" akauliza.

"Bon," akasema Mwalimu. "Walikuwa wamekwisha kuijenga. Walitaka saini tu. Nitawaandikia barua wambadilishe, awekwe mwanaume."

Hapo ndipo nilipomwona mtu mzima mzima, kama ng'ombe anavyoonekana akigeuka ubavu. Barua angeiandika. Angeihangaikia plastiki mwezi mzima, aende, arudi, asimamie rangi. Lakini mtoto wangu wa nyama na damu, wa maneno mawili tu, alikuwa anafikiriwa.

Keli akauliza tunasema nini. Sifa akamtafsiria. Safari hii alitafsiri vizuri, hakuacha hata koma: kwamba kuna kosa, kwamba kwetu mwanamke hakamui, kwamba Mwalimu alijua na akatia saini. Uso wa Keli ukawa mwekundu. Akasema mengi, na Sifa akatuletea kwa utulivu kama anasoma tangazo la kanisa. "Anasema anaomba radhi sana. Anasema kama kuna kosa hata moja, kibao lazima kishuke leo, na picha ya Mwalimu, mpaka watafute mtu mwingine wa kuthibitisha. Anasema kesho asubuhi watu wa gazeti wanakuja, kwa hiyo anataka kujua sasa hivi. Kuna kosa, au hakuna?"

Mwalimu akatazama kibao. Koti lile, tabasamu lile, jina lote mpaka la babu yake.

"Mwambie hakuna kosa," akasema.

"Hakuna kosa gani?" akauliza Sifa.

"Mwanamke anaweza kukamua. Desturi inatembea. Donc, haikai mahali pamoja."

"Sema upande huu," akasema mzee Gasore. "Hili sikio halisikii."

Keli alikuwa ameinua simu yake anarekodi. Mwalimu alipoiona ile simu, sauti yake ikajaa yenyewe, kama maji yanavyofuata mfereji. Akageuka nusu, akanyoosha koti. "Bon. Ninasema kwa niaba ya wote. Mwanamke wa kwetu akikamua ng'ombe, hajafanya kosa lolote. Mikono yake ni safi."

"Hata mbele ya madhabahu?" akauliza Mama Faida.

"Hata mbele ya madhabahu."

"Mimi nimejibiwa," akasema mzee Gasore. Akaegemea nyuma, akafumba macho. Mashua ikavutwa tena.

Miaka sita nilipiga magoti Mungu amlainishe mtu huyu. Nilifunga na kuomba Ijumaa ngapi. Kumbe kilichotakiwa ni kumtishia kushusha picha yake.

Tuliposhuka, watoto walikuwa wamejaa kwenye foleni ya barafu tamu. Mzee Gasore alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema watakuja Buffalo baada ya mavuno ya huku, yaani mwezi wa kumi, akaenda kutafuta gari lake. Mwalimu alibaki amesimama mbele yangu.

"Basi, Mama Rukundo," akasema. "Umefurahi. Tumemaliza."

"Aliyefukuzwa si mimi."

"Donc unataka nini?"

Nikampa Sifa simu yangu, akabonyeza, akaweka sauti ya wote wasikie. Ilipolia mara ya pili Nyamwiza akapokea. Nyuma yake kulikuwa na kelele za mashine, na miguu ya ng'ombe wengi kwenye saruji.

"Mama, kuna nini?"

"Mwalimu yuko hapa na mimi. Ana neno anataka kukuambia."

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu kukamua."

"Mwambie nakamua," akasema. "Akitaka angoje nimalize."

Hakukata simu. Tulimsikia akiiweka mahali, labda dirishani. Sifa akamnyooshea Mwalimu ile simu, naye akaipokea, akaishika mbele ya kidevu kama alivyozoea kushika mikrofoni, lakini safari hii hakuna aliyekuwa anamsikiliza. Mashine zikapumua. Ng'ombe mmoja akalia, kile kilio kirefu cha ng'ombe anayeona zamu yake imerukwa, na Nyamwiza akamjibu kwa lugha ya kwetu, kwa lile neno la kumtuliza ng'ombe ambalo wanaume hutumia. Sijui alilipata kwa nani. Labda kwa baba yake, kabla hajajua kutembea.

Mwalimu akainamisha kichwa. Keli akamwita kwenye picha, akamwita tena, watu wamejipanga, nafasi ya katikati imeachwa wazi kwa ajili yake. Hakwenda. Kama ni toba, au ni kwamba alikuwa hajasikia ng'ombe kwa miaka ishirini, mimi sijui, wala sikumwuliza.

Alingoja. Jua lilikuwa kali, miguu yake imevimba siku hizi, na benchi nililokalia lilikuwa la watu wawili. Nikauchukua mkoba wangu kutoka mapajani nikauweka pale pembeni, kwenye nafasi ya pili.